Kaseti ya Baridi na Joto

Ninyi mnaorekodi nyimbo kwa simu, mkikosea mnafuta na kuanza upya kabla chai haijapoa, nisikilizeni kidogo. Mjukuu wangu ni mmoja wenu. Juzi nilimsikia akimwambia rafiki yake kwamba zamani bibi yake alikuwa "anakopi kaseti". Kukopi! Neno hilo lilinikera siku nzima. Mimi nilirekodi watu, katika chumba kimoja karibu na soko la Sumbawanga, na mjini pale wachache walilijua jina langu la ubatizo. Niliitwa Mama Rekodi.

Kazi yenyewe niliipata kwa kukosa kazi. Nilikuwa karani katika duka la ushirika. Biashara huria ilipoingia, duka lilifungwa, tukapewa asante, tukarudi nyumbani. Wakati huohuo vitu tulivyozoea kuviona kwa wakubwa tu vikaanza kuingia kwa malori kutoka Tunduma: redio, deki, vinanda vya umeme. Mume wangu, Mungu amrehemu, alitaka tununue cherehani. Mimi nikanunua deki mbili na maikrofoni. Hatukusemeshana wiki nzima.

Aliyenifundisha kazi ni fundi redio mmoja tuliyemwita Mzee Kalamu, kwa sababu hakukosa kalamu sikioni. Wala haikuwa ya kuandikia. Aliipachika kwenye tundu la kaseti na kuuzungusha mkanda kwa mkono, ili asiichoshe deki bure. Alinifundisha kusafisha hedi, kile kichwa cha deki kinachogusa mkanda, kwa pamba na spiriti, kila asubuhi, hata kama jana yake sikupata mteja. Alinifundisha kuunga mkanda uliokatika kwa wembe mpya na kipande cha selotepu chembamba kama ukucha. Na ndiye aliyeniambia nitundike mablanketi ukutani, kwa sababu chumba kitupu kinairudisha sauti. Kwa baridi yetu ya Ufipa, mablanketi hayakuwa shida. Wateja wangu wa kwanza waliingia wakiuliza bei ya lile jekundu.

Wateja wakubwa walikuwa kwaya. Na kwaya zilikuwa na desturi yao, ambayo lazima niwaeleze, maana ndiyo iliyoniponza. Mgongoni mwa kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena, na kilichomo humo kinabaki salama. Fundi mwenye akili anavivunja palepale anapomaliza. Lakini kaseti ya kwaya haikuwa imekwisha mpaka padri aisikilize. Padri wa parokia yetu alikuwa na sikio kali, na mara nyingi alirudisha kaseti na kikaratasi: ubeti wa tatu urudiwe, sauti ya pili imelala. Kwa hiyo sikuvunja. Kaseti zote zisizovunjwa nilizipanga kwenye rafu ya kushoto, zikisubiri neno la padri, na zilizovunjwa nikazipanga kulia. Kwa miaka mingi nilifanya hivyo bila kosa hata moja, na nilijisifu kwa hilo kuliko inavyompasa mtu mzima.

Sasa wale vijana. Waliingia asubuhi moja wawili, mmoja amevaa sweta mbili, mwingine fulana tu na anatetemeka.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Kwaya ya kigango gani?"

"Sisi si kwaya, mama. Tunarapu."

"Na waimbaji wenzenu wako wapi?"

"Ndio hawa sisi."

Mwenye sweta alikuwa Deo, mtoto wa hapa hapa juu, wa familia ya wakulima wa mahindi na ulezi. Alitumikia misa mpaka alipoota ndevu. Mwenye fulana alikuwa Kulwa, mtoto wa Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, huko upande wa Kaoze. Alikuja mjini kwa masomo ya sekondari, akakaa dawati moja na Deo, na baada ya hapo huwezi kumtaja mmoja bila mwingine. Walijiita Baridi na Joto. Nilicheka. Nikawauliza nani amewapa jina hilo, Kulwa akasema, "Mama, we njoo bondeni mwezi wa kumi, halafu rudi huku mwezi wa saba, jina utalitaja mwenyewe."

Nikawasimamisha kama nilivyozoea kusimamisha kwaya: hatua mbili kutoka kwenye maikrofoni, miguu pamoja, mikono chini. Wakaanza. Ilikuwa kama kusikiliza watu wanasoma risiti. Nikazima. Deo akatazama chini. Kulwa ndiye aliyethubutu: "Samahani mama, mikono ikikaa chini, mdomo nao unalala." Nikawaambia haya, fanyeni mnavyofanya huko kwenu. Jamani! Wakaanza kuruka, wanapokezana, wanaingia kinywani mwa maikrofoni kabisa, kila penye "p" inalipuka kama bunduki. Siku ile nilikwenda nyumbani nikachukua soksi yangu ndefu ya kanisani, nikaivuta juu ya kipande cha waya nilichokikunja duara, nikakiweka mbele ya maikrofoni. Milipuko ikaisha. Mpaka leo sijavaa soksi iliyofanya kazi kubwa kama ile.

Tulirekodi nyimbo nane kwa muda wa miezi miwili, kila walipopata nafasi. Sikuwa na mashine ya kurekodi sauti moja moja na kuzipanga baadaye kama ninyi. Kinanda kilipiga biti, wao wanarapu, mimi nashika swichi, na vyote vinaingia kwenye mkanda kwa wakati mmoja. Mmoja akikohoa kwenye mstari wa mwisho, mnarudi mwanzo. Wimbo wa nane ndio uliowapa jina la albamu, "Lori la Muze", mji wa kule bondeni. Ulihusu Deo kutaka kushuka bondeni na Kulwa kutaka kupanda, wanakutana njiani, kila mmoja juu ya lori lake. Deo anasema, "Nimevaa makoti mawili, bado meno yanagonga." Kulwa anadakia, "Shuka huku bondeni, upate jasho la kuoga." Hakuna aliyekuwa na ubeti peke yake. Waligawana hata sentensi.

Tulipoumaliza wimbo ule, Kulwa aliniaga. Baba yake alikuwa amemwita. Ng'ombe walikuwa wengi na mikono michache. Deo alibaki na matumaini yote. Mfanyabiashara wa kaseti kutoka Mbeya alikuwa amepita dukani kwangu, akasikiliza nyimbo saba, akasema atapita tena Jumamosi ya wiki ya pili. Akikuta albamu kamili, anaichukua na kuitoa. Asipoikuta kamili, ana vijana wengine wanaosubiri. Hakusema kwa ubaya, ndivyo biashara ilivyokuwa.

Na mimi, Mama Rekodi, ile kaseti niliiweka wapi? Rafu ya kushoto. Haikuvunjwa. Mkono wangu ulikuwa umezoea kusubiri neno la padri, na vijana wale hawakuwa na padri wa kuwasikiliza. Sikuliwaza hilo hata kidogo.

Jumatatu ikaja kwaya ya kigango kimoja kurudia wimbo wao wa sadaka. Nikanyoosha mkono rafu ya kushoto, nikachukua kaseti, nikaisogeza mpaka mahali nilipodhani ubeti wao unaanzia, nikabonyeza. Akina mama wakaimba vizuri ajabu. Walipoondoka nikarudisha mkanda kusikiliza. Nikasikia biti ya kinanda, nikamsikia Deo akisema amevaa makoti mawili, na kabla Kulwa hajajibu, soprano wanane wakaingia na "Pokea Bwana".

Nilikaa chini.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu kukosea ni kitu kimoja na nilichofanya baadaye ni kingine. Nilichukua wembe. Nikaikata ile sehemu yote ya soprano, nikaunga mkanda, ili asiwepo mtu wa kusikia ilichofanya mikono yangu. Mwalimu wa kwaya nilimwambia deki imesumbua, waje tena. Deo alipokuja kesho yake nikamwambia mkanda umeharibika, wimbo wa nane haupo.

Akaitazama rafu ya kushoto. Halafu akasema, "Mama, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Jumapili ulipoenda misa ya pili, si uliniazima nikamsikilizishe dada? Niliipiga kwenye redio ya mjomba. Ile redio inakula mikanda. Nilisikia inakwaruza, nikaitoa, nikadhani haijafanya kitu."

Ningeweza kusema neno moja tu. Sikusema. Nilijiambia moyoni kwamba kijana mwenyewe ndiye aliyesema, mimi sikumsingizia. Mtu mzima, mwenye watoto, mwenye kiti chake mbele kanisani! Naona haya kuandika hivi, lakini nisipoandika hili, hayo mengine ya soksi na selotepu hayana maana.

Deo akasema tumfuate Kulwa bondeni, tuurudie wimbo hukohuko. Nilikubali haraka, nadhani nilitaka kulipa bila kuungama. Tukapakia redio kubwa ya betri, kinanda na maikrofoni, tukasubiri mpaka Jumatatu iliyofuata, tukapanda lori la kwanza la mizigo lililoshuka Muze. Njia nzima ile ya mteremko Deo alishikilia redio mapajani kama mtoto mgonjwa, na kila lori liliporuka aliniomba msamaha. "Nimekusumbua mama. Mtu mzima kama wewe." Jasho lilinitoka, na tulikuwa bado hatujafika kwenye joto. Tulilala Muze kwa ndugu yangu, asubuhi nikanunua betri mpya. Hilo nalo lishikeni, kwa wale mtakaokuta redio za zamani: usirekodi kwa betri iliyochoka. Mkanda unakwenda polepole bila wewe kujua, na siku utakayosikiliza kwa betri mpya, waimbaji wako wote watakuwa vifaranga.

Tulifika kwa baba yake Kulwa, mzee Ng'wandu, karibu saa nne asubuhi. Mtu mrefu, mwenye maneno machache. Deo alimwamkia, mimi nikachuchumaa kidogo na kupiga makofi ya heshima kama tunavyosalimiana Wafipa. Akatukaribisha, tukapewa maziwa. Kulwa akaitwa kutoka kwa ng'ombe, akaja anakimbia, anacheka, mpaka alipoziona sura zetu.

"Huyu aliniambia kazi ile imekwisha," mzee akasema. "Sasa mmefuata nini?"

Deo akapiga magoti. "Ilikwisha, mzee. Mimi nimeharibu mkanda. Niliutoa dukani, nikaupiga kwenye redio mbovu."

Kulwa akaruka. "Si nilikwambia usiitoe! Nilikwambia siku naondoka! Deo, si nilikwambia?"

"Ulinambia."

"Miezi miwili, mshikaji! Miezi miwili nalala njaa huko kwenye baridi yenu, na wewe unakwenda kumwonyesha dada yako!"

Mzee Ng'wandu akaweka kikombe chini. "Kijana, mtu akinipotezea ng'ombe kwa uzembe, simpi tena kundi langu. Wewe ni mtoto mzuri, umesema kweli. Lakini Kulwa atabaki hapa. Atafute mtu mwingine wa kufanya naye kazi, au aiache." Akamgeukia mwanawe, "Umesikia?" Na Kulwa, akiwa bado na hasira, akasema, "Nimesikia baba."

Nilimwona Deo akiinuka na kuanza kukunja waya wa maikrofoni, taratibu, duara kwa duara, kama nilivyomfundisha. Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya mikono yake na haachi kukunja. Nikasikia mdomo wangu unasema kabla mimi sijaamua.

"Si yeye. Ni mimi. Nimerekodi kwaya juu yake."

Wote watatu wakanitazama. Nikaeleza yote: rafu, vipande vya plastiki, soprano, wembe. Sikuacha kitu. Deo alikuwa amesimama na ule waya mkononi.

"Mama," akasema, "si nilikuomba msamaha njia nzima?"

"Uliniomba."

"Na ukaupokea?"

Mzee Ng'wandu akaniuliza imepita siku ngapi tangu nijue. Nikamwambia nane. Akatikisa kichwa, akasema, "Umri wote huo, mama, na umemwachia mtoto akubebee." Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Kisha akamwambia Kulwa, "Mwombe radhi mwenzako." Kulwa alimshika Deo shingoni, wakasimama hivyo, wamegusana vichwa. Mzee akasema warekodi siku ileile. "Lakini mashine atashika huyu," akamwonyesha Deo. "Mama atakaa mlangoni."

Basi nikakaa mlangoni. Tulitafuta mahali pasipo mwangwi, nami nikawaonyesha ghala la mpunga. Magunia yaliyojaa yanameza sauti kuliko mablanketi yangu yote. Waliingia katikati ya magunia, nikatoa maelekezo kwa mbali kama mpishi asiyeruhusiwa jikoni. Deo akabonyeza. Waliurapu wimbo ule kama watu waliokuwa wamepotezana sokoni. Mara moja tu, bila kurudia. Halafu Deo akachomoa kaseti, akatoa funguo mfukoni, akavunja vile vipande viwili mbele yangu, akaiweka kifuani ndani ya shati.

Albamu ilitoka. Mfanyabiashara wa Mbeya aliichukua Jumamosi ileile, na baada ya miezi michache hukuweza kupita soko la Sumbawanga bila kuisikia. Matai waliipiga, Muze waliipiga, watoto wa shule walijibizana ule mstari wa makoti na jasho kwenye foleni ya maji. Vijana walialikwa Mbeya, wakaimba redioni, wakarudi na viatu ambavyo sijui vilifungwaje. Mtu mmoja kutoka Dar es Salaam alinifuata dukani kuuliza wimbo wa nane umerekodiwa studio gani, mbona sauti imetulia hivyo. Nikamwambia studio ya Ng'wandu. Akaandika. Baba yake Kulwa alimruhusu mwanawe kurudi mjini, ila msimu wa mpunga lazima ashuke, na alishuka kila mwaka hata alipokuwa na jina.

Deo hakuacha kuja kwangu. Tulirekodi nyimbo nyingine nyingi. Aliniamkia vizuri, aliniletea mahindi ya kuchoma, mume wangu alipofariki alibeba jeneza. Lakini kila tulipomaliza kazi alichomoa kaseti mwenyewe na kuondoka nayo. Hata akienda kununua sigara ng'ambo ya barabara, alikwenda nayo, kisha akarudi nayo. Nilijua sababu, na alijua kwamba najua. Iliniuma kila siku, na kila siku niliona ana haki.

Mwaka niliofunga duka, watu walikuwa wamehamia kwenye kompyuta na deki zangu zilikuwa zinakohoa. Deo alikuja, mtu mzima sasa, na mvi mbili tatu. Alikuwa na ile kaseti ya kwanza, yenyewe, ile aliyoivunja vipande kule ghalani, mama wa zote, imefungwa kwenye leso. Alitaka niusafishe mkanda wake kabla hajaenda kuihamishia kwenye kompyuta. Nilianza kumwambia akae kitini karibu yangu kama kawaida, aangalie.

Akaiweka mezani mbele yangu. "Nina shughuli posta, mama," akasema. "Nitarudi saa kumi."

Akatoka. Nilisikia viatu vyake vinashuka ngazi, vinavuka barabara, vinapotea. Hakugeuka nyuma. Nikabaki na kaseti ile, mimi nayo tu, mlango umefungwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ghala, nikachovya pamba kwenye spiriti na kuanza kazi.